Ubavu Uliovunjika Siku ya Shukrani

Niliusikia mlio kabla ya kuhisi maumivu. Ulikuwa mdogo, kama kijiti kikavu kinapokanyagwa, na ulitoka ndani ya nguo zangu.

Nilikuwa nimesimama mbele ya waumini katika kanisa letu, juu kidogo ya mji mdogo wa Chaka, nikitoa shukrani. Upasuaji wa titi ulikuwa umepita, dawa za kudungwa mshipani zimepita, tiba ya miale nayo imepita. Kilichobaki kilikuwa kidonge kimoja cha kila asubuhi. Nilikuwa nimengoja muda mrefu nguvu zirudi ndipo nisimame, na siku hiyo nikawaambia watu wa Mungu kwamba saratani imeondoka na mimi ni mzima. Akina mama wakaja wakiimba na kucheza, kama wanavyomfanyia kila mwenye shukrani, na wa kwanza kunifikia alikuwa jirani yangu, muuza viazi, ambaye huinua gunia peke yake huku akibishana na mteja.

"Ati huyu ndiye walisema hatafika Krismasi!" akapaza sauti. "Hebu muone mashavu!"

Akanikumbatia. Ndipo nikausikia ule mlio.

Sikupiga kelele. Yeye alikuwa analia kwa furaha begani mwangu, na kanisa zima lilikuwa linapiga makofi. Mimi ni mzee wa kanisa, na ilikuwa zamu yangu kufunga ibada kwa maombi. Niliomba kwa ufupi kuliko kawaida yangu, na baadaye mtu mmoja akaja kunishukuru kwa hilo.

Siku zilizofuata sikuweza kuvuta pumzi mpaka mwisho. Nikikohoa, naona giza. Lakini maumivu hayakuwa yenye kunitesa zaidi. Kilichonitesa ni hesabu niliyoifanya kichwani bila kutaka: mfupa mzima hauvunjwi na kumbatio. Kule kliniki nilikuwa nimejuana na wanawake ambao ugonjwa uliwatoka kwenye titi ukahamia mifupani. Tulikuwa tunakaa benchi moja, na baadaye benchi likawa na nafasi. Nikaona basi, umerudi. Tena nimesimama mbele za Mungu na watu nikasema umeondoka. Nilikwisha kufanya amani na kifo wakati wa upasuaji, lakini jambo hili la kutoa ushuhuda usio wa kweli lilinishtua kiasi kwamba nilishindwa hata kuliombea. 

Binti yangu anaishi mtaa wa Skuta, mjini Nyeri, na alikuja kuniona Jumamosi. Akanitazama nikiinuka kitini.

"Mama, unashika nini hapo kwa mbavu?"

"Hakuna."

"Mama. Mzee wa kanisa naye anadanganya?"

Jumatatu tulikuwa hospitalini Nyeri. Baada ya kupigwa picha tuliingia kwa daktari, mwanamke kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu. Akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Shosho, ulianguka lini?"

"Sijaanguka."

"Ng'ombe alikupiga teke?"

"Nilikumbatiwa."

Akaweka kalamu chini. "Na nani?"

"Na dada wa kanisa. Tulikuwa tunashukuru."

Binti yangu alianza kucheka, kisha akageukia ukutani, na mabega yake yakaendelea kutikisika kwa namna ambayo haikuwa kicheko tena.

Nilichukuliwa vipimo vingine, damu na picha za mwili mzima, na kimoja cha kulala chini ya mkono wa mashine unaopita polepole juu ya kiuno na nyonga kupima uimara wa mifupa. Tukaambiwa turudi. Kungoja majibu nakujua. Ni kazi kama kazi nyingine, na Mungu alinifundisha subira zamani. Lakini safari hii nilingoja kama mtu aliyemwagiwa maji baridi na bado hajavuta pumzi.

Tuliporudi, daktari hakutukawiza. "Saratani haijarudi, shosho."

"Sema tena."

"Haijarudi. Hakuna mahali tumeiona."

Nikainamisha kichwa kushukuru, lakini yeye alikuwa bado anazungumza. Mifupa yangu, akasema, imekonda sana, kuliko umri wangu. Ubavu umevunjika kwa sababu haukuwa na nguvu ya kuhimili hata furaha ya watu. Na mfupa mmoja wa mgongo ulikuwa umejikandamiza wenyewe, pengine miezi mingi iliyopita, bila mimi kujua. Hapo nikakumbuka magauni yangu, jinsi yalivyoanza kuburura chini. Nilikuwa nimemlaumu fundi wa nguo, maskini, mpaka nikamhama. Kumbe aliyepungua urefu ni mimi.

Nikauliza ni nini kilichokula mifupa yangu. Akanieleza kwamba kile kidonge cha asubuhi hushusha homoni ya kike ili ugonjwa ukose cha kuulisha. Ila homoni hiyo hiyo ndiyo huishikilia mifupa. Ikishuka, mifupa inaachwa bila mlinzi.

Sijui kama naweza kueleza nilivyoshtuka. Kidonge hicho nilikuwa nakiombea kila asubuhi kabla ya kukimeza, kama chakula.

"Kwa hivyo dawa inayoniponya ndiyo inanivunja?"

"Inakulinda, shosho, na usiiache hata siku moja bila kuniambia. Lakini mifupa nayo inataka ulinzi wake. Ilifaa kipimo hiki kifanywe siku ile ulipoanza dawa." Kisha akauliza, "Nyumbani unafanya kazi gani?"

Hapo nikajibu kwa fahari. Nikamwambia kwamba tangu niugue sijashika jembe wala ndoo. Kwetu mwanamke akijifungua, wenzake humjia na kuni, maji na uji, naye hagusi kitu. Kikundi chetu cha akina mama kiliamua kunifanyia vivyo hivyo. Walipanga zamu. Wakamkama ng'ombe wangu, wakamkatia majani ya nepia, wakapalilia viazi, wakafua nguo. Mimi waliniketisha ndani, na blanketi magotini, kwa sababu walisema baridi ya mlima na jua la mchana vyote ni vibaya kwa mgonjwa. Maziwa walinikataza, maana mmoja wao alisikia kwamba yanalisha saratani. Nilikunywa chai ya rangi huku maziwa ya ng'ombe wangu mwenyewe yakipelekwa kwa wanunuzi.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. "Wamekupenda sana," akasema. "Lakini aliyejifungua huinuka baada ya wiki chache. Wewe wamekuinua lini?"

 Mfupa, akaniambia, hujengeka ukipewa uzito wa kubeba. Nikiketi, mfupa unaelewa kwamba hauna kazi tena. Nitembee kila siku, nisimame, nipande vilima taratibu, ila nisiiname kuinua mzigo wala nisibebe kitu kwa mkanda wa kichwani. Nipate jua. Nirudie maziwa, na mboga, na wale samaki wadogo wa omena nikiwapata, pamoja na vidonge vya kalsiamu na vitamini atakavyoniandikia. Na ipo dawa ya kuimarisha mifupa, ya kuwekwa mshipani, lakini kwanza daktari wa meno anione, maana jino bovu na dawa hiyo havipatani. Saratani ya titi, mifupa ya mgongo, na sasa meno! Nilitoka pale nikihisi kwamba mwili nilioishi nao miaka yote sikuwahi kutambulishwa kwake.

Siku ya zamu nikawakuta uani, sita au saba, jirani yangu akiwa tayari amechuchumaa kando ya ng'ombe. Nikawaita wakae. Nikawaambia kwanza kwamba ushuhuda wangu ulikuwa wa kweli, na wakasema amina. Kisha nikawaambia kuhusu mifupa, na ubavu, na ulivyovunjika.

Jirani yangu alisimama. Mikono yake akaiweka nyuma, kama mtu aliyeambiwa ameshika kitu cha moto.

"Ni mimi?"

"Ni dawa, na kukaa. Wewe ulinionyesha tu. Bila wewe ningevunjika nyonga, na hiyo ndiyo humlaza mtu moja kwa moja."

"Ni mimi," akasema tena. "Nimevunja mzee wa kanisa, ndani ya kanisa."

"Na katikati ya wimbo," mmoja akaongeza, na wengine wakajitahidi wasicheke.

Nikawaomba waache zamu. Hapo kicheko kikakatika. "Sasa unatufukuza?" akauliza yule aliyenikataza maziwa. "Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Ninyi mmeniweka hai. Lakini nikiendelea kuketi, mtanibeba mpaka mwisho, na sitaki kubebwa."

"Kwa hivyo tukuje kufanya nini?"

"Mje tutembee."

Wakatazamana. Mama mzima kutembea bila mzigo, bila kuelekea sokoni wala matangani, kwetu ni jambo la kuulizwa. Lakini wakajifunga leso, nami nikavaa viatu vya raba alivyoninunulia binti yangu, tukaingia njia ya kwenda juu, jua likiwa wazi. Wengine waliongea na kutaniana juu ya viatu vyangu.  Jirani yangu alitangulia hatua chache, na kila jiwe lililokuwa njiani alilipiga teke likaenda kando, dogo kwa kubwa, ili nisijikwae.

Nikamwambia miguu yangu nayo inataka kujifunza njia, aniachie hata jiwe moja.

Hakuniachia.