Fomu Niliyojaza kwa Salamu

Mwaka ule bei ya unga ilipanda, viwanda vya kandokando ya barabara vikaanza kupunguza watu, na chuo nilichofundisha kwa mkataba kikanishukuru kwa barua ya mistari minne. Nilibaki nyumbani Kitengela na shahada mbili na wakati mwingi. Serikali ilipotangaza msaada kwa nyumba zilizolemewa, chakula na pesa kidogo kila mwezi, chifu akatafuta katibu wa kujaza fomu mtaani kwetu. Hakuhangaika sana. Alinikuta nimekaa.

"Mwalimu, wewe uko na mwandiko mzuri," aliniambia. Ndiyo sifa pekee niliyokuwa nimebaki nayo.

Nyuma ya ploti za mwisho, pale nyumba za mawe zinapokoma na nyaya za seng'enge zinapoanza, aliishi mjane wa Kimaasai ambaye mtaa mzima ulimwita Yeyo, yaani mama. Alikuwa akiwalea wajukuu zake peke yake. Nilifika kwake saa tano, fomu mkononi, nikiwa nimebakiza nyumba nyingi na jua limekuwa kali.

"Takwenya, Yeyo," nikamsalimu kwa lugha yake.

"Iko," akaitikia. "Karibu. Habari ya kwako?"

"Nzuri. Watoto ni wangapi hapa?"

Alicheka. "Si ndio hao wanapita? Wewe si uko na macho?"

Nikahesabu waliopita. "Na ng'ombe?"

"Wako na kijana wangu, upande wa Namanga. Wako sawa."

"Wangapi hivi?"

"Wako."

Akainuka kuwasha moto wa chai. Niliona kopo la sukari, jinsi alivyoligonga ili kupata kilichoganda chini, nikajiambia kwamba mtu mwenye adabu haondoki na sukari ya mwisho ya mjane. Nikaaga. Alinitazama kwa mshangao, sufuria mkononi, nami njiani nikajipongeza kwa moyo wangu mwema. Kisha nikaangalia upana wa boma lake na kwenye nafasi ya mifugo nikaandika: thelathini.

Orodha ilisomwa kwenye baraza la chifu Jumatano. Jina la Yeyo halikuwemo. Mwenye ng'ombe thelathini si mtu wa kusaidiwa. Watu walipoanza kutawanyika, mzee wa nyumba kumi, jirani yake Yeyo, alinivuta kando.

"Mwalimu, wale ng'ombe uliandika, uliwaona wapi?"

"Yeye mwenyewe alisema wako sawa."

"Ulikunywa chai?"

"Hapana. Nilikuwa na haraka."

"Basi hukuambiwa kitu."

Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayemweleza mgeni choo kilipo. Ng'ombe walikuwa wamekufa na kiangazi huko huko Namanga, na kijana alikuwa anatafuta kibarua cha ulinzi. Mgeni akiuliza habari, kwanza huambiwa ni nzuri. Habari yenyewe huja baada ya kikombe. Hata kwetu Ukambani ni hivyo, na mimi nilikuwa nimekaa miaka minne darasani nikisomea jamii za watu. Nilikuwa nimejaza fomu ya serikali kwa salamu.

"Sasa atakula nini?" nikauliza, swali la kijinga.

"Kuanzia juzi, wale watoto wanalishwa na majirani. Majirani nao hali yao unaijua."

Masahihisho yalikuwa yanapokelewa Kajiado, mwisho Alhamisi saa sita mchana. Siku hiyo nilipanda basi la alfajiri nikiwa na barua ya chifu ya kumtetea Yeyo, lakini foleni ya ofisini ilikuwa imeamka mapema zaidi yangu. Nilipoingia ilikuwa saa tano na nusu. Afisa, msichana mpole wa umri wa wanafunzi wangu, alisoma barua ya chifu mara mbili.

"Mzee, huyu nimemwelewa. Lakini nafasi za mtaa wenu zimejaa. Nikiweka mmoja, mmoja atoke, na katibu aweke sahihi. Katibu ni nani?"

"Ni mimi."

Akanisogezea orodha. Niliisoma polepole, ingawa karibu kila jina niliandika mwenyewe. Bibi anayeuguza mgonjwa. Fundi aliyeanguka kutoka jengoni. Mama wa mapacha. Na mwishoni kabisa, kwa mwandiko wa chifu, jina langu. Sikuwa nimeliomba. Sikuwa nimelikataa pia, hata liliposomwa barazani. Nilikuwa nimeliona wiki mbili mapema na kufunika karatasi haraka, kana kwamba lingeona haya.

"Saa sita nafunga," msichana alisema.

Nikatoka kwenye baraza ya ofisi nikampigia mke wangu.

"Wamemweka Yeyo?"

"Bado. Lazima mtu mmoja atoke."

"Nani?"

Nikageuka kutazama mlango wa ofisi.

"Ukinyamaza hivyo najua ni sisi."

"Chifu ndiye alituandika."

"Najua. Aliniambia, nikanyamaza kama wewe." Nilisikia akifunga mlango ili watoto wasisikie. "Sasa unanipigia ndio nikukataze, halafu useme ni mimi?"

"Hapana," nikasema, ingawa ndicho nilichompigia.

"Unga iko ya leo na kesho. Baba watoto, wewe ndiye uliandika hiyo thelathini. Rudi ndani."

Mlangoni watu wawili walikuwa wametangulia mbele yangu. Mmoja alikuwa na bahasha nene na maelezo marefu. Saa ya ukutani ilibakiza dakika kumi, kisha sita. Ningependa kusema kwamba sikuombea maelezo yake yazidi kurefuka. Alimaliza. Nilikaa, nikapiga mstari juu ya jina langu, mstari ulionyooka vizuri, nikaandika jina la Yeyo juu yake na kuweka sahihi. Msichana alitazama jina lililokatwa, akatazama sahihi, akanitazama mimi. Akapiga muhuri.

Jioni nilikwenda kumwambia Yeyo. Safari hii nilikaa. Aliweka sufuria motoni, chai ya rangi, bila maziwa. Nilipofika nusu ya kikombe akaanza kunisimulia ng'ombe, mmoja mmoja: yule mwekundu mwenye pembe iliyoinama, yule wa madoa aliyekataa kuvuka barabara, yule mweupe aliyekufa akiwa amesimama. Hakutaja idadi, nami sikuuliza. Nikamwambia kuanzia mwezi ujao atapata msaada. Aliinamisha kichwa, akasogeza kuni motoni.

"Na kwako?" aliuliza. "Mama watoto? Watoto?"

"Wako sawa, Yeyo."

Akakitazama kikombe changu, kilichokuwa tupu. Akaligonga lile kopo la sukari, akanimiminia cha pili, akaketi na kungoja.