Seva Hainunuliwi Ikiwa Imelala

Siku Mzee alipotangaza kwamba kampuni itanunua seva, mimi ndiye mtu pekee ofisini niliyejua seva ni kitu gani, yaani kompyuta inayotunza habari za kompyuta nyingine zote, na hata mimi nilikijua kwa kusoma chuoni tu. Hilo halikumzuia mtu yeyote kuwa na maoni. Mlinzi alisema isiwe nyeusi maana itaonyesha vumbi. Dereva alisema bora tungenunua matairi.

Kampuni yetu inauza dawa za mifugo: dawa ya kupe, dawa ya minyoo, chanjo za kuku, chumvi ya kulamba. Makao makuu, kama Mzee anavyopenda kuyaita, ni nyumba ya kupanga hapa Dodoma mjini. Tawi ni duka moja kule Chemba, analoliendesha dada mmoja ambaye hahitaji simu ili asikike. Habari zote za kampuni, dawa gani iko wapi na itaisha muda lini, zilikaa kwenye kompyuta ya Mama Mhasibu na ndani ya kichwa chake. Dada wa Chemba alimpigia kutwa nzima: "Mama shikamoo, dawa ya minyoo ya mbuzi ipo?" Mama Mhasibu alikuwa akijibu bila hata kugeuka kutazama kioo. Akiumwa, kampuni nzima iliumwa. Akienda msibani, tuliuza kwa kubahatisha.

Kilichomwudhi Mzee ni chanjo. Mama Mhasibu alikwenda kumuuguza dada yake, na wakati hayupo chanjo zikaisha muda Chemba zikiwa zimejaa kwenye friji, huku sisi mjini tukiwafukuza wateja kwamba hatuna. Mzee ni afisa mifugo mstaafu, Mgogo wa kutosha, na hasira zake huzitoa taratibu kama mtu anayekamua. Aliposema, "Sasa basi," tulijua ni sasa basi kweli.

Mimi ni Mhehe, yeye Mgogo, kwa hiyo ni watani. Utani ulinipa ruhusa ya kumwambia mambo ambayo wenzangu waliyasemea chooni. Nikishamwamkia shikamoo na yeye akaitikia marahaba, nilikuwa huru kumwambia kwamba tai yake imepigania uhuru. Yeye naye alikuwa huru kuniuliza kama kwetu Iringa umeme umeshafika au bado tunaupigia hodi.

Wa kwanza kutushauri alikuwa mpwa wake, anayefanya kazi wizarani kule Mtumba, kwenye mji wa serikali. Alikuja na kitambulisho chake kikining'inia shingoni, Jumamosi.

"Mjomba, usinunue kitu kidogo," alisema. "After two years utaanza ku-upgrade. Chukua yenye capacity."

Mashine aliyoipendekeza ilitaka chumba chake peke yake, kiyoyozi usiku na mchana, na umeme ambao mtaa wetu haujawahi kuuona. Nikamwambia hiyo ni ya kuendeshea serikali, sisi tunauza dawa ya kupe. Akanitazama kwa huruma, kama vile ugonjwa wangu una jina lakini hataki kulitaja mbele ya watu.

Wa pili alikuwa fundi mmoja wa kompyuta karibu na sokoni. Yeye alisema seva ni jina tu, nimpe kompyuta yoyote ya mezani atanitengenezea. Nilimuuliza diski ikifa itakuwaje. Akasema, "Dada, mbona unaitakia mabaya?"

Mimi niliitaka ya katikati. Mashine yenye kimo cha ndoo mbili zilizopandana, yenye diski mbili zinazoandika kitu kilekile, moja ikifa nyingine inaendelea na kazi. Vipuri vyake vinapatikana hapahapa mjini, na kisichopatikana kinaletwa na basi kutoka Dar. Upande wa programu nilitaka mfumo wa bure ambao watu wengi wanaujua, na juu yake programu ya stoo inayomruhusu dada wa Chemba aendelee kuuza hata mtandao ukikatika, kisha mauzo yajitume yenyewe mtandao ukirudi. Mpwa aliposikia neno bure alicheka kwa pua.

"Rahisi ni ghali, Mjomba," alisema.

Mzee alitusikiliza wote, halafu akatoa hukumu yake. "Ng'ombe hanunuliwi akiwa amelala."

Kila aliyewahi kufika mnadani anajua maana yake. Mnyama unamsimamisha, unamtembeza, unamtazama meno, unamwona akinywa maji. Unauliza mama yake ni yupi. Mzee akataka seva zote mbili, ya mpwa na yangu, ziletwe ofisini zisimame mbele yake. Wauzaji wa ile ya mpwa wakasema yao haibebwi ovyo, ila wana vipeperushi vizuri vya rangi. Mzee akavipokea, akavipangusia miwani, akasema hanunui ng'ombe wa kwenye karatasi.

Ya kwangu ililetwa kwa majaribio. Mzee aliizunguka, akaigonga ubavuni, akaanza kuuliza. Inakula umeme kiasi gani? Ikiumwa, ndugu zake wako hapa mjini au ni mpaka tupige simu ng'ambo? Nani mwingine ameshakunywa maziwa yake? Nilijibu moja moja. Kisha akaniambia niandike kwamba tumeuza dawa ya kupe chupa moja. Nilipomaliza tu kuandika, akainama akang'oa waya ukutani.

Nilipiga kelele ambazo sijivunii. Mzee akanyanyua mkono kuninyamazisha, akahesabu pumzi zake, akachomeka tena. Tukangoja. Mashine ikakohoa, taa zikacheza, ikaamka. Chupa ya dawa ya kupe ilikuwa palepale nilipoiandika.

"Huyu ana miguu," alisema Mzee. Halafu akanigeukia. "Mtani, sikiliza. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Chemba wakiweza kuuza bila kumpigia Mama Mhasibu simu, wewe ndiye mtu wetu wa seva. Wakishindwa, kazi hii namkabidhi mpwa wangu na watu wake, na wewe unarudi kaunta."

Kaunta nilikuwa naijua. Nilikaa pale tangu nimalize chuo, na cheti changu kiko kwenye bahasha. Nilinukia dawa ya kupe kiasi kwamba mbwa wa jirani yangu kule Mkonze walinipisha njia. Sikutaka kurudi, na kila mtu ofisini alijua sitaki.

Seva tuliiweka chumbani kwa Mama Mhasibu kwa sababu ndicho chumba pekee chenye nondo dirishani na feni isiyolalamika. Alinitazama nikiunganisha nyaya. Mwishoni akauliza, "Kwa hiyo vilivyomo kwenye yangu vyote vinahamia humu?"

"Ndiyo, mama."

"Vyote?"

"Vyote."

"Haya," alisema. Mswahili akisema haya, ngoja kwanza.

Nikaenda Chemba kumfungia dada wa duka mfumo upande wake. Asubuhi ya kwanza kila kitu kilikwenda vizuri. Aliona dawa zote za Dodoma kwenye kioo chake na akapiga vigelegele mpaka wachunga mbuzi wakachungulia. Mchana, upepo ulipoanza kuvuruga vumbi barabarani, Dodoma ikapotea. Nikampigia Mama Mhasibu.

"Imezima," alisema.

"Umeme umekatika?"

"Upo. Feni inazunguka."

"Labda vumbi limeingia?"

"Mwanangu, hapa vumbi haliwezi kuifikia hata likitaka."

Nikamwomba aiwashe. Ikawaka, ikakaa kidogo, ikazima. Kesho yake asubuhi ilikuwa nzima kabisa, na mchana upepo ulipoanza, ikazima tena. Siku iliyofuata hivyohivyo. Mauzo ya Chemba yalihifadhiwa, lakini dada akitaka kujua dawa gani ipo mjini ilibidi arudie kazi yake ya zamani: "Mama shikamoo, dawa ya minyoo ya mbuzi ipo?" Na nilimsikia Mama Mhasibu upande wa pili akijibu kwa raha zake.

Hatimaye Mzee mwenyewe akapiga. "Mtani, ng'ombe wako analala mchana. Kesho mpwa wangu anakuja kumtazama."

Nilikaa juu ya kreti la chumvi ya kulamba na karibu nilie. Dada wa Chemba alinitazama, akasema, "Kwani ukirudi kaunta utakufa? Mimi niko kaunta tangu niolewe." Nilimchukia kwa muda mfupi.

Nilirudi Dodoma kesho yake, nikafika mchana upepo ukiwa umeshaanza. Mpwa alikuwa amekalia kiti changu, kitambulisho shingoni. Mzee akatuongoza sote chumbani kwa Mama Mhasibu.

Seva ilikuwa imevaa. Sijui niseme vipi vingine. Ilivikwa kitambaa cha kufuma cheupe chenye maua ya waridi, kikiwa na bitana ya satini kwa ndani, kimeshuka mpaka sakafuni na kufungwa vifungo mgongoni. Matundu ya nyaya yalikuwa yametiwa pindo. Juu yake palikaa chombo cha maua ya plastiki. Niliingiza mkono chini ya satini nikautoa haraka, maana humo ungeweza kukaanga yai, na mashine ya namna hii ikizidiwa na joto hujizima yenyewe.

"Upepo ukianza tu naifunika," alisema Mama Mhasibu. "Vumbi la hapa si mnalijua? Na mgeni ameshaletwa chumbani kwangu, nimwache akae uchi?"

Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna kati yetu ambaye kwao televisheni haina kitambaa. Mama yangu amekivalisha hata kitasa cha friji. Mpwa alisema kitu kuhusu cooling, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akijua tangu mwanzo.

Nilikasirika, na nasema wazi. Wiki nzima nimekonda kwa sababu ya satini! Nilifungua mdomo nimwambie. Hapo ndipo nilipoiona kompyuta yake ya zamani kwenye meza ya pembeni, imezimwa, iko wazi, vumbi limeshaanza kuikalia. Ile kompyuta ilikuwa na kitambaa chake tangu nianze kazi, cheupe, chenye maua ya waridi. Alikifumua ili apate uzi wa kumvalisha mgeni. Nilifunga mdomo.

Mama Mhasibu aliona nilikotazama. Alifungua vifungo kimoja kimoja, akakivua kile kitambaa, akakikung'uta dirishani, akaenda kuifunika kompyuta yake. Kilikuwa kikubwa mno. Akakikunja pembeni, akakichomeka chini mpaka kikakaa.

"Hii ndiyo haihitaji kupumua tena," alisema. Kisha akavuta kiti chake mbele ya seva na kuniambia nimwonyeshe dawa ya minyoo imewekwa wapi humo.

Mzee alimwambia mpwa wake asante kwa kuja, na salamu nyingi kwa mama yake.

Tangu hapo seva haikuzima. Upepo ulivuma, vumbi likaingia, mimi nikawa naipangusa kwa brashi ya rangi kila asubuhi. Siku ya mwisho wa mwezi Mzee alihamia chumbani kwa Mama Mhasibu na gazeti lake, akakaa akiisikiliza simu ya mezani. Chemba walikuwa wanauza. Tuliona kwenye kioo chupa zikipungua moja moja, dawa ya kupe, dawa ya minyoo, chanjo. Simu haikulia asubuhi. Haikulia mchana. Jioni Mzee akakunja gazeti, akanipa mkono, akasema, "Haya mtani, umeponea chupuchupu," akatoka. Nilitamani kucheza ngoma.

Mama Mhasibu alikuwa bado anaitazama simu. Aliisogeza kidogo, akaangalia kama waya wake umeshika vizuri. Mwisho akainua mkono wa simu, akabonyeza namba bila kuitafuta popote.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Hapana, hakuna tatizo. Nimepiga tu kukujulia hali. Dawa ya minyoo ya mbuzi ipo, lakini?"