Ile Video ya Baba Akinyweshwa Uji

Admin, nifiche jina, na tafadhali usiambatanishe picha yoyote, hata ya kupamba. Nina miaka ishirini na mitatu, nasomea sheria mwaka wa tatu, nyumbani ni Muleba. Chuoni wananijua kwa mdomo. Walipotaka kufunga kamera kwenye korido za hosteli yetu, nilipanda juu ya meza ya bwalo nikauliza: "Huyo anayetulinda, nani atamzuia asituchungulie?" Nikapigiwa makofi. Leo sina hata sentensi moja ya kumsaidia baba yangu mzazi.

Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kihaya, ni mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mtu ambaye shati lake hupigwa pasi hata akienda kupogolea migomba. Alitulea kwa sheria moja: hodi. Mlango ukiwa wazi, tulibisha. Asipoitikia "karibu," tulibaki nje. "Mlango ulio wazi si mlango ulioitikia," alikuwa akisema.

Mwaka huu kiharusi kilimwangusha. Kaka yangu mkubwa, mvuvi wa kisiwa cha Goziba, alivuka ziwa kuja kumuuguza. Asubuhi moja akimnywesha uji, aliegemeza simu dirishani akarekodi: Tata kifua wazi, uji ukimtiririka kidevuni, machozi yakimtoka. Akaituma kwenye kundi la ukoo na maneno, "Tumwombee mzee wetu." Kutoka kundi la ukoo ikaingia la kijiji, na huko mtu nisiyemjua akaiwekea muziki na vikaragosi vya kucheka.

Siku ya kliniki ya Bukoba nilimsindikiza. Pale stendi ya Muleba mpiga debe mmoja akamkazia macho. "Jamani, si ndiye mzee wa uji huyu! Mzee, leo umeshapata kikombe?" Watu wakaangua kicheko. Wawili wakatoa simu. Tata aliinua mkono wake uliobaki mzima akafunika uso kwa kofia. "Turudi," aliniambia. Tukarudi.

Tangu hapo hajatoka. Dawa zinakwisha, na daktari alishatuambia wazi kwamba asipofuatiliwa, kiharusi cha pili kitamchukua. Kila anayeingia chumbani kwake huacha simu barazani, kwenye kikapu cha kuchumia kahawa. Nilipobisha hodi, hakuitikia karibu. Aliuliza, "Una simu?" Mimi! Binti yake!

Nilimgeukia kaka kwa hasira. "Ulimwomba ruhusa?"

"Ruhusa gani? Ni baba yangu! Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayembeba mgongoni. Wewe msomi ulikuwa wapi? Na ndugu wa visiwani wangemwonaje?"

"Wangemwona kama angekubali kuonwa."

Akalia, akisema alikuwa anamtafutia maombi tu. Nami najua ni kweli, na hapo ndipo moyo wangu ulipopasuka. Nilijiandaa kupambana na wenye mamlaka, na makampuni, na kamera zao. Sikujiandaa kupambana na upendo wa kaka yangu.

Nikamwendea Tata nikamwambia sheria ipo, twende tukamshitaki aliyeiwekea muziki. Alichukua muda kuyapanga maneno katika mdomo uliopinda.

"Polisi watataka waione?"

"Ndiyo, Tata. Ni ushahidi."

"Na hakimu?"

"Naye."

"Na karani wake?"

Nikamvutia shuka kifuani.

"Basi waitu, tafadhali mwanangu, niache. Nimeshaonwa vya kutosha."

Ndugu zangu, nikishitaki, namvua nguo mara ya pili mbele ya watu wenye mihuri. Nikinyamaza, baba yangu anakufa kwa aibu ya kosa ambalo si lake. Kumlazimisha siwezi, nikimbeba kwa nguvu hadi kwenye gari, nitakuwa na tofauti gani na ile simu iliyoingia kwake bila kubisha? Ninyi mliouguza wazazi wenu, nishaurini: nifanye nini ili akubali tena kusafiri hadi Bukoba akatibiwe?

Na wewe ambaye, ulipoona neno uji, umeikumbuka hiyo video: ushauri wako siuhitaji, ifute. Na wewe ambaye hujaiona na sasa unatamani kuitafuta, simama hapo hapo ulipo. Hajakwambia karibu.