Chumvi Niliyotaka Kuwatilia Samaki

Mama mkwe wangu, aliyekausha samaki hapa Uvira maisha yake yote, hakuwahi kusema nami moja kwa moja. Kwa heshima ya ukwe, kila neno lake lilinifikia kupitia kwa mke wangu.

Mwaka huu nilinunua akwariamu, nikaiweka dirishani, nikatia humo samaki wadogo wa ziwa. Baada ya wiki mbili utelezi wa kijani ulifunika vioo. Nilisugua, ukarudi. Video moja ya Kifaransa ilisema maji yatiwe chumvi. Sikusikia kwamba ilihusu samaki wa bahari.

Nilipofungua pakiti, mke wangu alikuwa sokoni. Mama mkwe, aliyekuja kutusalimia, aliniona, akainamia kioo, akawaambia samaki: "Mwambieni mukwe wangu, samaki tunaitiaka chumvi ikisha kufa. Mwambieni awatoe kwenye jua, na chakula apunguze."

Nilitii. Leo vioo vinang'aa, na mama akija kutusalimia, mimi ndiye ninayeinama kwanza: "Mwambieni mama, aksanti sana."

Samaki hufungua midomo na kuifunga, na upande wa pili wa kioo namwona mama akitabasamu.