Nyumba Aliyoiruka Kija

Kija binti Shimba nilimjua mwaka sabini na nne, mwaka ule wa kuhamia vijijini. Mimi nilikuwa utingo wa lori, yeye ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba. Alikuwa na miaka kumi na sita, labda kumi na tano. Mama yake, Bernadeta, alikuwa akihesabu kwa mwaka wa njaa, na shangazi kwa mwaka wa nzige, na hesabu zao hazikukutana.

Sekondari hakuchaguliwa. Shule nzima ilitoa mtoto mmoja. Basi Kija akawa anapalilia pamba ya wajomba zake huko karibu na barabara ya Shinyanga, ambako mama yake alirudi baada ya kufiwa na mume. Lakini mtoto huyu hakulelewa huko. Alilelewa na bibi yake mzaa baba, upande wa ziwani, chini ya Kigongo, nyuma ya majabali makubwa. Bibi huyo watu walimwita Ng'wana Masanja, yaani binti wa Masanja, na alikuwa akiishi peke yake.

Siku moja akaja bwana Venant, Mhaya wa Bukoba, mtu wa ofisi, suruali ina mstari wa pasi hata porini. Alitafuta kijana mwenye mwandiko mzuri. Wakakusanyika wanne, watatu wa kiume na Kija. Akawaambia kila mmoja aandike jina lake na tarakimu moja mpaka ishirini. Akatazama karatasi, akamchukua Kija.

"Msichana apande lori na wanaume?" akasema mmoja wa wale vijana.

"Wewe saba yako inafanana na moja," bwana Venant akamjibu. "Nikikuchukua, watu saba watapata kiwanja cha mtu mmoja."

Watu wakacheka. Mama yake Kija hakucheka, alimshika mkono akamvuta pembeni. "Kazi ya serikali hiyo, mwanangu. Usiichezee. Kwetu hakuna aliyewahi kuipata."

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kopo la rangi nyekundu, brashi, na daftari. Unakwenda nyumba kwa nyumba, unaandika namba mlangoni, namba ileile unaiandika daftarini na jina la mwenye nyumba. Bwana Venant alimwonya tangu siku ya kwanza kwamba atakayeficha nyumba anaweza kufungwa. Nyuma yao tulikuja sisi na lori. Mlango wenye namba, tunapakia watu, vyombo, kuku, na miti ya paa wanayoishusha wenyewe. Mlango usio na namba ni hame, halina mtu. Nyuma yetu walikuja vijana wengine, na hao kazi yao ilikuwa kuchoma mahame, watu wasije wakarudi. Hili la mwisho Kija hakuambiwa. Nani angemwambia? Kila kundi lilijua lake.

Jumapili kabla ya kuanza upande ule wa ziwani, alikwenda kumsalimia bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu!" Ndivyo alivyomwita tangu mdogo, kwa utani wao. "Nasikia umekuwa karani. Mume wetu angekuwa hai angekuoa wewe, mimi angenipa talaka. Sasa na mimi utaniandika?"

"Nitakuandika, bibi."

"Uniandike uniweke wapi? Mimi siondoki. Mzee yumo zizini mle tulimomzika, nani atamwamkia asubuhi?"

Alisema huku anacheka, anamenya viazi vya kukausha michembe. Kija akayachukua maneno, kicheko akakiacha. Haya aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, tukisubiri kivuko Kigongo.

Ilipofika siku, bwana Venant alibaki kwa jirani mmoja aliyeitwa Masalu, wanabishana habari ya ng'ombe, nani atawaswaga na watakunywa wapi. Kija akatangulia nyuma ya majabali. Bibi alikuwa kwenye lango la ua wake wa minyaa, anapepeta mtama. Kija akasimama na kopo lake. Akautazama ule mlango. Akamtazama bibi, akatikisa kichwa polepole, akatabasamu, akapita. Hakusema neno kwa sababu sauti ya bwana Venant ilikuwa ikisikika, na sauti yake nayo ingesikika. Alidhani bibi ameelewa. Alidhani amempa zawadi kubwa kuliko sukari.

"Kule nyuma umemaliza?" bwana Venant akamwuliza.

"Nimemaliza."

Jioni ileile wakapelekwa vitongoji vingine, wakakaa huko zaidi ya wiki.

Yaliyofuata nyuma yake nilisimuliwa na mke wa Masalu, amekaa juu ya magunia kwenye lori letu. Alisema Ng'wana Masanja alianza kutembelea majirani kutazama milango yao. Akawa anapitisha kidole kwenye rangi. "Mimi bado," anasema. "Karani ni mjukuu wangu. Ataniandika wa mwisho, ili anikalishe mbele na dereva."

"Si ulisema huondoki?" wakamtania.

"Nilisema. Nyinyi mkienda, moto ukinizimikia nitaomba kwa nani? Kwa mzee?"

Nami nilimwona. Siku ya lori alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya njia, furushi limefungwa, chungu, na kuku mwekundu kafungwa mguu. Antoni, dereva wetu, akasimamisha.

"Namba gani, bibi?"

"Karani anakuja."

"Nakuuliza namba ya mlango, bibi."

"Anakuja, mjukuu wangu."

Antoni akanigeukia. "Huyu ana wenyewe. Watamfuata. Na lori limejaa, tingo, unaona mwenyewe."

Niliona. Nikagonga bodi, gari likaondoka. Yeye akatupungia mkono kama mtu anayesindikiza wageni.

Kesho yake wale vijana wa kuchoma mahame wakafika. Walimkuta bado yuko njiani. Hawakumtukana, hapana, nisiwasingizie. Walimtolea kinu na ngozi ya kulalia, wakaviweka kwenye kivuli, halafu wakawasha paa. Nyasi kavu hazichukui muda.

Bibi alitembea siku mbili. Kinu alikiacha, kuku alimbeba.

Kijiji kipya, huko barabara ya Shinyanga, kilikuwa uwanda mtupu, vigingi na kamba. Katikati iliwekwa meza, bwana Venant kwenye kiti, Kija kwenye sanduku, daftari mbele yake. Foleni ndefu. Mimi nilikuwa napakua miti. Nilimwona yule bibi katika foleni, anasogea na wenzake, zamu kwa zamu, hakumpita mtu. Kija alikuwa ameinama anaandika. Alisikia kwanza kuku.

"Namba yako, mama?" bwana Venant akauliza.

"Sina, baba. Nyumba imeungua."

"Imeunguaje? Ilikuwa namba ngapi?"

"Haikuandikwa. Mwandishi ndiye huyu."

Kija akainua uso. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Kija," bwana Venant akasema, na nadhani alianza kuelewa, kwa maana alishusha sauti. "Nyumba hii uliiruka kwa makusudi?"

Mgambo mmoja alikuwa amesimama pale na bunduki yake. Mama yake Kija alikuwa amekuja na uji wa wafanyakazi, naye akasimama na sufuria mkononi.

"Nilisahau," Kija akasema.

Bibi alimtazama. Halafu akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizia bei akaambiwa. "Amesahau," akamweleza bwana Venant. "Kazi ni nyingi."

Bwana Venant hakumfunga mtu. Alitafuta kiwanja, vizuri vyote vilikuwa vimekwisha, akampa cha pembeni, kwenye mbuga ya tope jeusi ambako maji husimama. Masalu na wenzake wakamsimamishia kibanda.

Jioni, bado kuna mwanga, Kija alikwenda pale akapiga magoti, akaeleza yote: kwamba hakusahau, kwamba alitaka abaki na mzee, kwamba aliogopa kufungwa. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza.

"Sawa, karani," akasema.

Na toka siku ile alimwita hivyo. Kwa upole, tena alimpikia, alimwuliza habari za kazi. Lakini mke mwenza hakumwita tena, na Kija hakujua kama alisadikiwa au aliitikiwa tu, kama unavyomwitikia mtoto anayeeleza ndoto.

Masika yale yalikuwa mabaya. Maji yaliingia kibandani mpaka kwenye jiko. Bibi alishikwa na kifua, akakataa kuhamia kwa Bernadeta, mkwe wake, akasema hataki kuandikwa mara ya pili. Alifariki mwezi wa Machi. Wazee waliomba lori limpeleke kwao, alazwe zizini karibu na mumewe. Antoni alikubali, mimi nilikubali, dizeli haikuwepo. Tukamzika palepale kiwanjani, tukichimba huku maji yanarudi.

Baada ya matanga Kija alimpelekea bwana Venant daftari na kopo. "Sirudi," akasema. Bwana Venant alivipokea, hakumbembeleza. Alikuwa mtu wa haya.

Nyumbani mama yake hakupandisha sauti. "Wadogo zako wanne," akasema. "Baba yao hayupo. Pamba mwaka huu umeiona." Akaendelea kuchambua dagaa.

Jumatatu asubuhi Kija alikuwa amekaa kwenye lile sanduku. Familia za mwambao wa chini zilikuwa zimeshushwa alfajiri, watu wamesimama kwenye tope na mizigo yao vichwani. Akafungua daftari, akamwita wa kwanza.