Landrova ya Kumrudisha Mama

Wapo wanaonunua magari makuukuu kwa sababu fedha zinawawasha, wapo wanaoyanunua ili majirani wageuze shingo. Dadi wa Mchinga alikuwa hataki umtie kundi lolote kati ya hayo. Yeye, kwa kauli yake mwenyewe, Landrova yake aliinunua kwa hasira.

Ukipita kwake ulikuwa huna budi kuiona. Ya kijani, pua butu, imekaa ndani ya banda la makuti zuri kuliko jiko la mkewe. Warda, huyo mkewe, alikuwa akipika huku mvua inamdondokea mgongoni, akilitazama banda anasonya. Si mwanamke wa maneno mengi. Siku moja tu alisema kwamba laiti angezaliwa na magurudumu manne, naye angekuwa na paa.

Hasira yenyewe ilikuwa ya zamani. Dadi alikuwa na miaka minane, wanaishi Namtende, ndani huko mashambani, mwendo wa saa nne kwa miguu kutoka pwani. Ulikuwa mwaka ule watu walipotolewa kwenye mashamba yao na kukusanywa vijijini. Asubuhi ya siku waliyofuatwa, mdogo wake Dadi, Zamoyoni, kitoto cha miezi saba, kilikuwa kimekufa kwa homa. Wanaume wakaenda kuzika, Dadi akiwa nyuma ya baba yake, na mama yao, Bi Somoe, akabaki nyumbani na wanawake wenzake kama ilivyo desturi. Wanaume waliporudi waliikuta Landrova ya kijani uwanjani, wakaambiwa wapakie. Bi Somoe akapandishwa nyuma na vyungu vyake, hajaonyeshwa alipolazwa mwanawe.

Baadaye alimwomba mumewe ampeleke, mume akakataa katakata, akasema mtoto ni amana ya Mungu na kwenda kulia juu ya kaburi lake ni kukufuru. Akafa na msimamo wake. Dadi naye akawa dereva wa malori ya chumvi, leo yuko Kilwa, kesho Mtwara, nyumbani anapita kama mgeni. Bi Somoe akanyamaza. Lakini jambo lilikuwa limemkaa rohoni, na alipozidi kuzeeka akawa analitaja kila kiangazi: kabla sijafa, nionyesheni mwanangu alipo.

Basi miaka kumi na moja iliyopita, Dadi akiwa ameacha kazi ya malori, akaikuta Landrova kwenye mnada wa magari mabovu huko Lindi. Akala kiapo kwamba ni ileile. Aliijua, alisema, kwa kiraka cha mlango wa kushoto. Landrova za kijani zilizopita pwani hii ni nyingi, na viraka ni vingi, lakini nani angembishia? Mama yake alipoulizwa alijibu kwamba yeye hakumbuki gari, siku hiyo alikuwa analia. Dadi hakulisikia hilo. Aliivuta mpaka Mchinga kwa kamba, akatangaza mbele ya watu kwamba gari lililomtoa mama yake kwao ndilo litakalomrudisha.

Maneno matamu hayo, hata mimi yangenitoa machozi. Ila gari lilikuwa gofu. Mtu mwingine angelitia injini ya Toyota, mwezi ukiisha linatembea. Dadi aliona hilo ni kulitukana. Kila kitu kiwe cha asili yake. Kabureta ilisubiriwa kiangazi kizima. Springi za nyuma zikaja, zikaonekana si zenyewe, zikarudishwa. Bi Somoe akiuliza, anaambiwa avumilie, bado kidogo.

Mwaka wa saba akatokea Klementi, mtu wa Dar es Salaam, anayezunguka mikoani kutafuta magari ya zamani. Yeye ana Pijo 404, anaiosha kila Jumapili kwa mkono wake, hamruhusu hata mwanawe kuigusa. Alisema baba yake alikuwa mwalimu, alikufa akilitamani gari la namna hiyo. Dadi naye akamweleza habari ya hasira yake, kifua mbele, na Klementi akatikisa kichwa kwa heshima. Walielewana papo hapo, kama watu walioumwa ugonjwa mmoja. Klementi akaahidi kumtafutia taa za mbele zenyewe hasa. Miaka miwili zikatafutwa hizo taa, ambazo safari ya mchana haina kazi nazo.

Na miaka hiyo haikukaa kumngoja Dadi. Macho ya Bi Somoe yaliingia ukungu. Wanaume waliokwenda kumzika Zamoyoni wakawa wanatangulia mmoja mmoja. Akabaki mzee Rehani, ambaye ndiye aliyelichimba kaburi. Huyo alikuja mwenyewe, akasema yeye bado anapakumbuka, na kama Bi Somoe yuko tayari wachukue bodaboda mbili, wanakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Bi Somoe akaanza kufunga kanga yake vizuri. Dadi akakataa, akasema mama yake harudi kwao juu ya pikipiki kama mzigo wa mkaa. Isitoshe, mwonyeshaji wa nini? Si yeye mwenyewe alikuwepo mazikoni?

Mzee Rehani alizikwa mvua zilizofuata.

Landrova ikamalizika mwaka huu mwezi wa saba. Inang'aa, nakwambia. Warda akawafungia mihogo na maji ya kunywa, akamwinua mama mkwe akamkalisha kiti cha mbele. Majirani wakatoka kutazama. Dadi akapiga honi mara mbili, bibi wa watu akashtuka.

Njiani Dadi alikuwa na furaha isiyo na kifani. Aliongea peke yake saa nzima, gia hivi, springi vile, sikiliza injini hiyo, mama. Bi Somoe alikuwa ameshika ukingo wa mlango kwa mikono yote miwili, akaomba kitu kimoja tu, aambiwe wakikaribia.

Namtende imekuwa mahame, mikorosho mizee imeshikana na pori. Dadi akaegesha, akamshika mama yake mkono, wakaingia. Alikwenda hatua kama hamsini kwa uhakika wa dereva. Halafu akasimama.

Alitafuta kichwani mwake njia ya makaburini, akajikuta hana. Humo alilikuta jeneza dogo la miti, na mgongo wa baba yake. Kisha akaukuta mngurumo. Alikuwa hajapata kuona gari kwa karibu maishani mwake. Aliuachia mkono wa baba yake kabla hawajafika, akarudi mbio, na dereva, mtu mcheshi, akamwinua akamkalisha nyuma ya usukani. Alikumbuka harufu ya kiti. Alikumbuka jinsi alivyobonyeza honi akacheka, hata wanaume waliporudi na udongo mikononi wakamkuta bado anacheka.

Hakufika kaburini. Na ile hasira aliyotembea nayo miaka yote hii ilikuwa ya kuifunikia aibu tu. Alilipenda lile gari. Tangu siku ile ile alilipenda, na kwa ajili yake amemkalisha mama yake miaka kumi na moja, mpaka wanaojua wote wakaisha.

"Ndipo hapa?" Bi Somoe aliuliza. Alikuwa amegeuza uso, anatazama upande ambao si wenyewe.

Dadi alimwangalia. Akaangalia mikorosho. Mbele yao palikuwa na mwinuko kidogo wa ardhi, labda mzizi, labda kichuguu kilichokufa.

"Ni hapa, mama."

"Kichwani ni wapi?"

Akakadiria kibla, akamwonyesha. Kizee kikapiga magoti, kikayapapasa majani makavu, kikaanza kuyaondoa kwa viganja, taratibu, kwa adabu, mpaka pakawa peupe. Kisha akalala ubavu, akaweka shavu chini. Alimwita Zamoyoni kwa jina. Alimwomba radhi kwa kuchelewa. Dadi alisimama pembeni na funguo za gari mkononi, na kila neno lilikuwa linamchoma.

Alipomwinua, mama yake alimshika uso kwa mikono yake yenye vumbi, akautafuta kwa vidole kwa kuwa macho hayaoni.

"Ulikuwa mtoto mdogo kabisa," alisema, "na hukumsahau mdogo wako. Mungu akulipe sawasawa na ulichonifanyia."

Dadi akaitikia, "Amina."