Mkanda wa Fundi

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, kwa kuwa tangu usichana wake alikuwa akipiga pasi katika duka la dobi pale kona, hata mkono wake wa kulia ukawa mnene kuliko wa kushoto. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno mengi na sigara nyingi zaidi, aliyeweza kukukadiria kiuno kwa macho ungali mlangoni. Siku kiharusi kilipomkuta alikuwa anampima mteja suruali. Tepu ilimponyoka, akainama kuiokota, hakuinuka.

Hospitali walimrudisha akiwa hai, mkono na mguu wa kushoto vikiwa vizito, mdomo umekwenda upande kidogo. Kabla ya kumruhusu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, aliwakalisha mke na mume pamoja.

"Hiki cha kwanza kimepita," alisema. "Ninachokiogopa ni cha pili. Dawa za presha ameze kila siku, hata akijisikia mzima. Chumvi ipungue, mafuta yapungue, sigara iishe kabisa. Na atembee, asubuhi na jioni. Mkimwacha akae tu, mtaniletea mtu mwingine."

Kisha akamfunga Fundi mkanda mpana wa turubai kiunoni, akamfundisha mke kuushika kwa nyuma, ili mguu ukilegea mume asianguke.

Sasa, kila mtu anajua ni nani hupitishwa barabarani ameshikwa mkanda kwa nyuma. Ni mwizi anayepelekwa kituoni. Asubuhi ya kwanza walipotoka, kinyozi wa upande wa pili alishindwa kujizuia.

"Mama Pasi, huyo leo umemkamata na nini?"

"Nimemkamata na uhai wake," alijibu bila kusimama. "Wewe nyoa, usije ukamkata mtu sikio."

Wateja wa kinyozi wakacheka mpaka wakashika mbavu. Fundi hakucheka.

Walitembea hivyo hivyo, kwanza mpaka mlango wa jirani, halafu mpaka kwa dobi na kurudi. Mkono wa kushoto ukaanza kushika kikombe. Mtaalamu alikuwa amemwambia akanyage pedali ya cherehani yake bila uzi, na asubuhi mashine hiyo ilipolia tupu chumbani, Mama Pasi alitabasamu peke yake jikoni. Sigara Fundi aliziacha kwa manung'uniko, lakini aliziacha.

Ndipo akaja wifi yake Mama Pasi, dada mkubwa wa Fundi, mwenye duka la vyombo na sauti ya kufaa sokoni. Aliwakuta majirani wawili wamekuja kumjulia hali mgonjwa. Hakungoja waondoke.

"Wifi, naambiwa mdogo wangu anapitishwa mtaani kama kibaka."

"Ndivyo nilivyofundishwa hospitali, wifi."

"Hospitali hawakai mtaa huu. Mgonjwa anapumzishwa. Wewe unamkimbiza juani, unamlisha chakula kisicho na chumvi kama mfungwa. Unaharakisha nini?"

Neno hilo la mwisho alilitamka polepole, na kila aliyekuwepo alilielewa. Mama Pasi alimgeukia mumewe. Alitaka neno moja tu kutoka kwake.

Fundi aliangalia sakafu. "Mimi nimechoka kuchekwa," akasema.

Alikuwa na akili zake timamu, na ulimi wake ulikuwa umeshapona. Angeweza kumtetea mtu pekee aliyekuwa akimsimamisha wima. Aliona afadhali afe akiheshimiwa kuliko apone akichekwa, na wengi wetu tungechagua hivyo hivyo, kisha tukaita ujinga huo utu. Naye Mama Pasi, ambaye hakumwogopa kinyozi, alimwogopa wifi. Akaufungua mkanda, akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Wifi akaleta kiti kikubwa cha mito, kikawekwa mlangoni. Kila apitaye alisema, "Usiinuke, Fundi, kaa tu," na Fundi akakaa. Nyama ya kukaanga ikaja ndani ya hotipoti, chumvi imekolea. Sigara zikarudi kupitia marafiki, moja moja, eti ya kupoteza mawazo. Dawa akaziacha kwa sababu kichwa kilikuwa hakimuumi. Cherehani ikafunikwa shuka. Mashavu yakajaa, na watu wakampongeza wifi kwa kumtunza ndugu yake.

"Tutembee hapa uani tu, baba," mkewe alimwambia. "Hapa hatuonwi na mtu."

"Kesho, mama. Kesho."

Kesho hiyo haikufika. Cha pili kilimkuta kwenye kiti kile kile, mchana kweupe, sigara mkononi, kinyozi akimpigia soga. Kinyozi alimaliza kichekesho chake, akangoja kicheko, asikisikie.

Hospitali, mtaalamu yule aliwatambua mara moja. "Ule mkanda niliowapa uko wapi?" aliuliza.

Mama Pasi alifungua mdomo, lakini wifi alimtangulia. "Muulize mwenye mume. Sisi wengine tunapita tu kusalimia."

Safari hii ulimi wa Fundi haukurudi, wala mkono wa kulia, ule wa mkasi. Ukimkalisha anateleza kama mzigo uliofungwa vibaya. Kwa hiyo kila asubuhi Mama Pasi huutoa mkanda kwenye msumari, akauzungusha kiunoni mwa mumewe na mgongoni mwa kiti, akafunga kwa nyuma. Kinyozi huwaangalia kutoka ng'ambo, wembe mkononi. Wifi akipita huunyoosha mto.

"Hapo sasa unamtunza," husema.

Fundi humkazia mkewe macho. Mama Pasi hukaza mkanda, akamfuta mate, akaenda zake kupiga pasi.